Mwenzake Bwana Mdogo

Manyoya saba yalikuwa chini ya tundu la ndege jikoni, na moja lilikuwa na damu kwenye shina. Binti aliyaokota, akayaweka kiganjani na kumwonyesha baba yake, fundi viatu, aliyekuwa akinywa chai ya asubuhi.

"Baba, huyu atajimaliza. Mwezi huu ukiisha bado anajinyonyoa, nampeleka kwa mfuga ndege mmoja niliyemsikia. Ni safari ya siku mbili, lakini bora aishi kwa watu kuliko afie kwetu."

Ndege mwenyewe, kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, alikuwa amebaki kifua wazi kama kuku wa kuingia chunguni. Alikuwa wa marehemu mama. Kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa mama alimpigia mluzi akichemsha chai, naye akamjibu, wakapokezana hivyo mpaka birika litoe mvuke. Fundi alikuwa akinung'unika kwamba ameoa mke mwenye waume wawili, na hapo ndipo kasuku alipopata jina: Bwana Mdogo. Sasa mama ana miezi mitatu tangu atangulie, na Bwana Mdogo amenyamaza. Kazi yake kujinyonyoa tu.

Fundi hakutaka aende. Hakulisema hilo, lakini siku hiyohiyo alifunga kibanda chake cha viatu, akambeba kasuku mpaka kwa daktari wa mifugo. Waliomwona njiani walishangaa, maana miaka yote alisema yeye na ndege yule hawasalimiani.

Daktari alieleza kwamba huzuni ya ndege ni kama ya mtu, haina sindano. Mwenzi anaweza kumsaidia, na anaweza asimsaidie; wako wanaopendana, wako wanaotoboana macho. Ila mgeni asiletwe karibu upesi. Akae siku thelathini chumba cha peke yake, mlango umefungwa, asije akaleta maradhi. Wasikilizane ukutani tu.

Binti alikubali kuzingoja siku hizo thelathini, na kesho yake akamtuma baba yake sokoni akanunue huyo mwenzi.

Fundi alirudi mchana na tundu jipya lililofunikwa kanga. Akapita nalo uchochoroni moja kwa moja mpaka stoo, iliyopakana na jikoni kwa ukuta mmoja, akafunga mlango na kuuvaa ufunguo shingoni. Masimulizi yake yalikuwa machache. Kule sokoni, alisema, ndege wanakaa wawili wawili, wamebanana shavu kwa shavu. Ukitaka mmoja, muuzaji anatia mkono anamchomoa, na yule anayebaki anapiga kelele mpaka mtaa wa pili. Kisha akaenda kunawa uso.

"Lakini umepata?" binti aliuliza.

"Tundu si umeliona? Siku thelathini, daktari kasema. Asifungue mtu."

Mjukuu wake, msichana wa miaka minane, hakuridhika. Alitaka walau rangi. Babu akamtegea kitendawili: kinasikika, hakionekani. Mtoto akasema upepo. Akasema redio ya jirani. Akasema tumbo lenye njaa. Aliposhindwa akampa babu mji, kisha miji yote aliyofundishwa shuleni, na mto mmoja kwa bahati mbaya. Babu aliipokea yote, na jibu hakutoa.

Siku ya tatu, fundi akiwa ameshaondoka na mfuko wake wa vifaa, mluzi ukasikika ukutani. Mungu anisamehe, ulikuwa mluzi mbovu: pumzi nyingi, sauti kidogo, kama birika lenye ufa. Mjukuu akasema babu kauziwa ndege mwenye mafua. Fundi alipoelezwa jioni alinuna kidogo, akasema mgeni apewe nafasi, hata mtu mzima akihamia nyumba mpya hulala vibaya.

Bwana Mdogo aliinamisha kichwa, akasikiliza. Siku ya sita akahamia upande wa ukuta. Juma la pili mluzi ulikuwa umeshatengemaa, na asubuhi moja kasuku akaujibu. Binti aliangusha sufuria ya uji.

Kitu kimoja tu kilimtatiza: mfuko wa mtama aliomnunulia mgeni ulikuwa haupungui.

"Anakula kama bibi harusi mbele ya wakwe," fundi alimwambia.

Halafu mteja mmoja, mama wa viatu vya kisigino, akamlalamikia binti kwamba siku hizi fundi anafungua kibanda jua limeshapanda. Binti hakumuuliza baba yake. Alihisi anapitia makaburini kwanza, na hilo mtu haulizwi.

Siku ya thelathini alifagia chini ya tundu asipate hata nyoya moja. Kifuani mwa Bwana Mdogo manyoya mapya yalikuwa yamechomoza, machache na ya kujivunia, kama ndevu za kijana. Binti alishindwa kungoja jioni. Mluzi ulikuwa umeanza. Akamshika mwanawe mkono wakazunguka uchochoroni, na ajabu, mlango wa stoo haukuwa na kufuli. Akausukuma polepole asimshtue mgeni.

Tundu lilikuwa juu ya kreti, tupu, na kamba ya dukani bado imefungwa kwenye kilango chake. Kando yake, juu ya kigoda, fundi viatu alikuwa ameegemeza paji la uso ukutani, amefumba macho na kubana midomo, anapiga mluzi. Na kutoka jikoni Bwana Mdogo alikuwa akimjibu.