Wimbo Wenye Wenyewe

Humo ndani ya nyumba ya shindano la televisheni, Marloes alionyeshwa kwenye skrini mumewe akimbusu mwanamke mwingine. Chozi likamning'inia kwenye ncha ya pua, na kamera ikalisogelea. Jumamosi Uholanzi nzima ingelitazama.

“Unajisikiaje, Marloes?” kipaza sauti cha ukutani kikauliza, kwa huruma ya uongo.

Mpinzani wake, yule mama aliyemwita nyoka jana tu, akamkumbatia na kuanza kupayuka wimbo wa redioni, sauti kama mlango usiotiwa mafuta.

“Nyamaza! Wimbo huo una wenyewe, hatuna ruhusa ya kuurusha hewani!” kipaza sauti kikafoka.

“Najua, baba. Ndiyo maana nauimba: sasa hata chozi lake hamwezi kulirusha.”

Marloes akamkumbatia kwa nguvu. Akapangusa pua kwa mkono wa sweta la adui yake, akadaka kiitikio.