Diski ya Pili ya Mzee Lau

"Mbili!" Bi Lau aligonga kaunta. "Nilikuagiza diski mbili, wewe umeweka moja!"

Fundi Szeto aliifunua ile kompyuta mpakato taratibu. Duka lake liko mtaa wa Sham Shui Po, na asubuhi hiyo biashara ilikuwa imepamba moto. Foleni ilifika mlangoni.

"Mama, humu nafasi ni ya diski moja tu. Ya pili niipachike wapi, kichwani kwangu?"

"Shauri yako. Mzee wangu ndiye anayeitaka. Wiki hii kanijia mara tatu kunilalamikia. Ile ya mwaka jana imejaa picha zake za ndege, pomoni."

"Si afute baadhi?"

"Nani, yule? Afute?" Bi Lau alicheka bila furaha. "Miaka arobaini na moja tuliishi naye bila kelele. Sasa ndiyo kaanza, na mimi usingizi sipati. Nimechoka, fundi. Nataka aridhike nilale, basi."

Kwenye foleni hakuna aliyemcheka. Kila mtu alikuwa na wake wa kumridhisha.

Szeto naye alikuwa na majivuno yake. Miaka thelathini kazini, na hakuna hata mmoja aliyetumia kifaa chake akarudi kulalamika. Hakutaka Mzee Lau awe wa kwanza. Akachukua kisu chembamba, akaipunguza betri, akapata upenyo, akaipenyeza diski ya pili.

"Ukubwa?" aliuliza, kalamu mkononi.

"Kubwa kabisa ni ipi?"

"Tera nane."

"Andika kumi na sita."

Akaandika.

"Chaja anayo?"

"Anayo. Lakini tia nyingine. Wenzake huko wana tabia ya kuazima wasirudishe."

Jumapili Bi Lau alipanda kilimani. Akafagia kaburi la mumewe, akapanga machungwa na kuku wa kuchemsha, kisha akaitia kompyuta ndani ya pipa la bati na kuwasha kiberiti. Karatasi na gundi vikashika moto mara moja, diski zote mbili; kwa mila yao, kifaa cha karatasi kikichomwa humfikia marehemu huko aliko.

"Haya Mzee, pokea," alisema, akifuta macho kwa sababu ya moshi. "Na hizi zikijaa, usinijie mimi. Mwendee Szeto."