Neno la Kuingilia

Tangu Zeyana achomeke waya wa intaneti kwenye kompyuta yake na kuifanya iwarushie majirani mtandao, mama yake, Bi Raya, hakutulia. Picha zote za harusi ya bintiye zimo humo humo.

"Wanaingia kwa neno gani?"

"Hodi, mama."

"Hodi! Neno analolijua hata mwizi?"

Zeyana akacheka, akamsogezea kibodi. Kwa kidole kimoja Bi Raya akaandika jina alilokuwa akimbembelezea bintiye uchangani, wanalolijua wao wawili tu.

Mtandao ukawakatikia majirani. Punde wakajaa barazani. "Hodi, Bi Raya! Hodi!"

Akajitanda kanga, akafungua mlango nusu, akawatazama usoni mmoja mmoja akitabasamu, lile jina likiwa bado ulimini.