Unaoa Mwezi Huu?

"Unaoa mwezi huu? Kitanda cha maharusi, futi sita kwa sita, tunakuletea mpaka mlangoni, popote Tarime na Serengeti."

Naomi alilisoma tangazo mara mbili, kisha akailaza simu kifudifudi juu ya madaftari ya wanafunzi. Asubuhi ile lilikuwa limekuja la pete. Jana yake, la vitenge. Yeye na mchumba wake, Tumsifu, walipanga kufunga ndoa Pasaka, na Pasaka ilikuwa bado mbali.

Mwingine angepita zake. Lakini Naomi alikuwa mwalimu wa Kiswahili, na vitenzi havikuwahi kumponyoka. Tangazo halikusema unaolewa, lilisema unaoa. Anayetafutwa ni mwanaume, na mwanaume pekee aliyetumia intaneti ya nyumba ile ni Tumsifu, afisa mifugo wa Natta, aliyekuja Kewanja kila Jumamosi kumwona.

Nyumba ilikuwa ya Bibi Ghati, mjane ambaye binti zake wote walikwisha kuolewa mbali. Mmoja wao, wa Mwanza, ndiye aliyemnunulia mama yake simu kubwa na kumwekea intaneti, na Bibi akampa mpangaji wake paswadi bila hiyana. Yeye mwenyewe, kwa alivyoona Naomi, simu aliijulia kupiga tu, tena mtandao ukimsumbua: alikaa nayo kibarazani, ameisogeza mdomoni, akirudia neno mojamoja kama anayesema na kiziwi.

Hezekia, fundi wa kampuni ya intaneti, alipokuja kubadilisha waya, Naomi alimdodosa kama anayeulizia mambo ya jirani. Fundi hakuficha. Kampuni inaona kila mnachofungua, alisema, na inawauzia wenye maduka.

"Kwa hiyo wanajua nani katafuta nini?"

"Mtu hapana, madamu. Kwao nyumba nzima ni mteja mmoja."

Akauliza ni nani aliyewapa ruhusa. Hezekia akacheka, akasema ruhusa ilitolewa siku ya kufunga mtambo, kwenye yale masharti ambayo watu hugusa "nakubali" bila kuyasoma. Naomi alijiona kama mtu aliyeoga mwaka mzima, leo ndiyo anagundua ukuta una tundu. Alikasirika. Hasira ilipopoa akaanza kuchungulia tunduni yeye mwenyewe, na aibu ya jambo hilo aliimeza kimyakimya.

Tangu hapo roho haikutulia. Lilipokuja tangazo la mitamba alijipa moyo: afisa mifugo atatafuta nini kama si ng'ombe? Lilipokuja la mapambo ya harusi, moyo ukamwisha, akamkabili Tumsifu uso kwa uso. Tumsifu alikana yote, mpaka mitamba.

"Mimi ng'ombe nawachanja, Naomi. Siwanunui."

Akampa simu yake aikague. Naomi hakukuta kitu, na kule kutokukuta kitu ndiko kulikomtesa zaidi, kwani mwenye wivu hata usafi kwake ni ushahidi. Akaanza kutafuta mwenyewe mtandaoni dalili za mwanaume mwenye mwanamke mwingine. Haikupita wiki, Bibi Ghati akamwita kibarazani. Naomi alimwamkia shikamoo, Bibi akaitikia, kisha akamnyooshea simu.

"Mwalimu, hii inaniuliza kama mume wangu ananisaliti. Iambie mume wangu alishakufa."

Uso ulimwaka Naomi. Akasema hayo ni matangazo tu, ayapuuze, na haraka akageuza mazungumzo. Siku hizo Bibi Ghati alipenda maongezi, ingawa Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyekulia Kikurya, na Naomi alimnyoosha kwa heshima zote: si maji imemwagika, bibi, ni yamemwagika, si ninaoa, ni ninaozesha, si mbuzi yangu, ni mbuzi wangu. Bibi hakubisha. Alisema tu kwamba Mwalimu ndiye aliyesomea.

Jumamosi iliyofuata Tumsifu hakuja. Alisema wana chanjo ya ng'ombe Natta nzima. Saa nne asubuhi simu ya Naomi ikatoa mlio: "Leo ndiyo siku yako kubwa! Keki, muziki, vyote tunavyo."

Lisemwalo lipo. Akaandika: "Nimejua kila kitu. Muoe huyo. Mimi na wewe basi."

Jibu halikukawia. "Sawa. Nimechoka kuhukumiwa kwa kosa nisilolijua. Kila la heri, Naomi."

Alilia mpaka aliposikia vigelegele uani. Ndipo alipokumbuka kuwa Bibi alikuwa na shughuli yake siku hiyo, na mpangaji mwenye adabu hawezi kujifungia ndani. Akanawa uso, akatoka. Vijana walikuwa wakishusha kitanda kwenye pikapu, kipana, kipya, bado kimefungwa nailoni. Katikati ya wanawake alisimama mwanamke kijana aliyeitwa Robi, amevaa kitenge kipya, macho chini, na Bibi Ghati amemshika mkono.

Naomi alimpongeza bibi harusi, akajilazimisha kutabasamu. Kisha akauliza bwana harusi yuko wapi, naye ampe mkono.

Bibi Ghati akanyoosha mkono wake mwenyewe.

"Sikujaliwa mtoto wa kiume, Mwalimu, na nyumba haiachwi ife. Kwetu Wakurya, mama kama mimi huoa mke wa kumzalia. Robi ni mke wangu. Si nilikuambia ninaoa?"