Cheni ya Hilari

Siku ile mjinga alikuwa Hilari, na wala hakuhitaji kutafutiwa shahidi. Cheni ya bodaboda yake ilipolegea hakununua mpya. Alikata pingili moja, ikakaza, akajisifu kijiwe kizima. Kisha akampakia shemeji yake, dada wa mkewe, aliyeshuka treni Tabora asubuhi hiyo, ampeleke Goweko akamzike mama yao saa kumi.

Cheni ilikatika katikati ya pori.

Hilari aliiunga kwa waya, ikakatika. Akaiunga tena. Vidole vilikuwa vyeusi kwa grisi, kimoja kinavuja damu, na waya uliobaki haukutosha hata kuzunguka kidole hicho. Gari halikupita hata moja.

Simu ya shemeji iliita. Kaka yake alisema padri ana mazishi mengine, hawawezi kumsubiri zaidi ya saa kumi.

"Mwambie tunakuja," Hilari alisema.

"Tunakuja na nini?" Shemeji akakata simu. Hakulia, na hilo ndilo lililomtisha Hilari. Akaona bora amchokoze kidogo, kama walivyozoeana.

"Basi tutembee, shemeji. Babu zetu Wanyamwezi walitoka hapa kwa miguu mpaka Bagamoyo, na pembe za ndovu mabegani. Wewe na kimkoba hicho, Goweko itakushinda?"

Shemeji alikuwa ameinama anavua viatu. Hakuinua uso.

"Wao walibeba pembe, shemeji. Pembe hazizikwi saa kumi."