Ngiri Aliyewaonea Panda Kijicho

Ngiri alikuwa na kijicho kisichopata usingizi. Aliposikia kwamba umati hufunga safari kwenda kituo cha kuzalishia panda, eti kuwatazama wakitafuna mianzi tu, naye akashika njia, akavuka milima mpaka kwenye uzio wao.

"Hongera kwa raha hizi, Bibi," akamwambia panda mzee kwa uchungu.

"Ahsante. Umeletwa na nani, mgeni?"

"Nimejileta. Nikichoka, naondoka."

Panda akaangusha mwanzi. "Wanangu, njooni mwone ajabu! Huyu anakwenda atakako!"

Panda wote wakaja mbio, wakabana pua kwenye uzio, wakamkodolea macho kama wameona jini.

"Na mlango," panda mzee akanong'ona, "nani hukufungulia?"

Ngiri akapigwa na butwaa. Kijicho kilimtoka palepale.