Vimulimuli Waliogoma

"Polepole jamani! Hao si kokoto, wana roho!" Sachiyo alifoka, maji yamemfika magotini.

Wanafunzi walicheka, wakaendelea kumimina ndoo za mabuu wa vimulimuli kwenye matete. Mwaka wa tatu huo. Kijiji kizima kilikuwa kimebomoa kuta za zege za kingo za mto, kikapanda matete, kikatia konokono wa kuliwa na mabuu. Mto Kazura ukarudi kuwa mto. Vimulimuli tu ndio waliogoma kurudi.

Sachiyo, kusema kweli, hakuutaka mto. Alimtaka mwanawe. Honoka alifariki akiwa darasa la nne, na nani asiyejua kwamba roho ya marehemu hurudi mtoni ikiwa kimulimuli? Kila Juni, msimu wa vimulimuli, mama wa watu alikaa ukingoni akilikodolea giza macho, na giza halikumrudishia kitu.

"Ni taa za barabarani zinazowafukuza," alisema Sachiyo. "Au dawa za mashamba ya mpunga. Mwalimu, mmepima?"

"Tumepima, Mama Honoka." Mwalimu Kanda aliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Samaki wekundu walimzunguka Sachiyo miguuni, midomo wazi. Honoka ndiye aliyewalea, kwenye beseni uani. Baada ya mazishi Sachiyo aliwaachia mtoni, na darasa zima likapiga makofi. Hawa angalau hawakumwacha.

"Hee, walivyonenepa!" alisema. "Na chakula changu siku hizi hawakigusi. Wanakula nini?"

Wakana, aliyekuwa akikaa dawati moja na Honoka, aliangua kilio na ndoo yake mkononi.

"Wewe, una nini? Mwalimu, mbona hamsemi?"

Mwalimu Kanda alivua kofia. "Utusamehe, mama. Samaki ndio wanaomaliza mabuu. Tumejua tangu mwaka wa kwanza. Nilitaka tuwavue, watoto wakakataa katakata."

Sachiyo alimgeukia Wakana. "Miaka yote hii nakesha hapa! Mmekataa kwa nini, Wakana?"

"Si wa Honoka, mama? Ndio waliobaki." Wakana alijifuta kamasi kwa mkono wenye tope. "Kwa hiyo kila mwaka tunafuga mabuu wengi zaidi. Tunasema labda samaki watashiba, wakubakishie hata mmoja."